Peramiho, Abasia Inayosali na Kufanya Kazi

Anayetoka Songea kwa njia ya Mbinga hufika Peramiho baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 25, kati ya vilima na mashamba ya mahindi, mpaka paa za abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abati, zichomoze juu ya miti. Uzuri wa mandhari hiyo unatosha kumfungisha mtu safari, lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba nyumba hii kongwe bado iko kazini.

Wamisionari Wabenediktini, watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, walianzisha kituo hiki mwaka 1898. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905, misheni ilichomwa moto, na mwanzilishi wake, Cassian Spiss, aliyekuwa amekwisha kuwa askofu, aliuawa mwaka huohuo akiwa safarini. Sioni haki kusimulia hayo bila kuwataja Wangoni wenyewe, ambao viongozi wao walinyongwa Songea mwaka 1906 na ambao wengi wao waliangamia kwa njaa iliyofuata vita. Misheni ilijengwa upya, na mwaka 1931 ikapandishwa hadhi kuwa abasia.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48, husema kwamba uvivu ni adui wa roho, na hapa maneno hayo yana mwili: hospitali, chuo cha ufundi, uchapaji, mashamba. Nilikaa muda mrefu katika karakana ya useremala, nikimtazama kijana akipiga randa ubao wa mninga huku maranda yakimrundikia miguuni. Fundi wake alipitisha kidole gumba ukingoni mwa ubao, akaurudisha bila kusema neno, na kijana akaanza tena upande uleule kwa utulivu ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake.

Kengele ya masifu ya jioni ilipolia, mabruda waliacha zana, wakanawa, wakaingia kanisani kuimba zaburi kwa zamu, upande huu na ule, bila haraka yoyote. Ndiyo maana anayeniuliza habari za Peramiho mimi humshauri asiende Jumapili pekee, bali alale katika nyumba ya wageni na aamkie siku ya kazi, aone karakana zikifunguliwa baada ya masifu ya asubuhi.