Mama yake ndo kanimaliza

Leo baada ya shifti, mzee mmoja tunayefanya naye kazi hapa Atlanta kanionyesha video ya Hank Aaron, mchezaji wa besiboli, usiku wa Aprili 8, 1974, anauchapa mpira unavuka ukuta, pigo hilo ndo wanaita homurani, yake ya 715, rekodi ya Babe Ruth ya 714 ndo imeenda hivyo.

Na jamaa alikuwa anatumiwa barua za kutishiwa kuuawa jamani, kisa tu mtu mweusi anaikaribia rekodi ya mzungu!

Sasa kamaliza kukimbia kuzunguka vituo vya uwanja, wenzake wamemzonga, mara huyo mama yake kajipenyeza katikati yao, kamkumbatia kwa nguvu hataki kumwachia.

Hapo nimerudisha kama mara tano.

Alistaafu 1976 akiwa na homurani 755, lakini mimi bado niko kwenye ile mikono ya mama.

Nyie mmeshaiona?