Heian Shodan: nilivyoacha kuyumba kwenye ule mzunguko mkubwa

Wanaoanza karate ya mtindo wa Shotokan wataujua mzunguko huu wa Heian Shodan, zoezi la mapigo na kinga zilizopangwa kwa mfuatano: baada ya kinga ya juu ya tatu, ile yenye kiai (ukelele wa nguvu), unageuka nyuzi 270 na kushusha gedan barai, yaani kinga ya chini ya kufagia kwa mkono. Kwa miezi miwili nilikuwa nikifika pale nayumba kama niliyekanyaga ganda la ndizi.

Nilijaribu kugeuka haraka zaidi, nikayumba haraka zaidi. Nikachuchumaa chini zaidi. Nikaambulia maumivu ya goti tu.

Dawa ilikuwa chaki. Nilichora mstari sakafuni kutoka kisigino cha mguu wa kulia, kuelekea ninakogeukia. Kumbe mguu wa kushoto ulikuwa ukitua juu ya mstari uleule, miguu yote miwili kama ya mtu anayetembea kwenye kamba! Sasa nageuza kichwa kwanza, napitisha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia mpaka uvuke mstari kwa upana wa nyonga, nautua, ndipo nazungusha kiuno na mkono ushuke. Nyonga zisiinuke njiani.

Jana sensei, mwalimu wangu, alinisukuma bega. Sikusogea.