Pigo Lililowahi

Juzi jioni binti yangu alinishika kifundo cha mkono ili ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kama walivyoagizwa katika somo la baiolojia. Alipofika arobaini na kitu aliinua uso akasema, "Mama, hapa limeruka moja." Nilicheka, lakini vidole vyake vilikwisha kunirudisha kwenye kitanda chembamba cha hospitali moja ya Dar es Salaam, mwaka 2014.

Wakati ule moyo ulikuwa ukinipapa kwa wiki ya tatu. Mama mkwe alisema ni presha. Jirani, ambaye hakosi mtaalamu wa kila tatizo, alisema kuna mtu ananichezea. Mimi nilikuwa na hakika kwamba nitafia usingizini, kwa hiyo silali. Hali hiyo ilinijia zaidi usiku, nyumba ikishatulia: kitu kama samaki anayejigeuza ndani ya kifua, kisha kimya, kisha pigo moja zito lililofika hadi kooni. Presha ilipimwa, ikawa sawa. Damu ilikuwa ya kutosha, na tezi ya thairoidi haikuwa na kasoro. Ndipo nikapelekwa kwenye kipimo cha ECG, kile kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi.

Muuguzi alinibandika vipande kumi, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, akaniambia nisiseme wala nisitikisike. Mashine ikaanza kutema karatasi ya waridi yenye mirabamiraba. Daktari, kijana ambaye ningeweza kuwa dada yake mkubwa, aliitandaza mezani, akaweka ncha ya kalamu juu ya mchirizi mmoja uliowasogelea mno wenzake. "Hili limekuja kabla ya zamu yake," alisema. Alieleza kwamba baada ya pigo lililowahi, moyo hutulia kidogo, na katika utulivu huo hujaa damu kuliko kawaida, ndiyo maana pigo linalofuata hugonga kwa nguvu. Yaani kile kishindo kilichokuwa kikinitisha kilikuwa ni moyo ukirudi kwenye mwendo wake. Wengi wenye moyo mzima hupata mapigo ya namna hiyo bila hata kuyahisi, na kahawa, kukosa usingizi, au adrenalini ambayo mwili huimwaga wakati wa hofu, huweza kuyaongeza. Ila nikizimia au nikibanwa na kifua, nisisubiri kupambazuke.

Kisha akanishika kifundo cha mkono na kuniuliza, bila kutazama saa, "Nyumbani kuna jambo, mama?"

"Hakuna jambo, daktari."

Jambo lilikuwapo. Nilikuwa nimemdhamini mdogo wangu mkopo kwa hati ya nyumba bila baba watoto kujua, na simu ya mdogo wangu ilikuwa haipatikani tangu mwezi uliotangulia. Nilipotamka lile "hakuna", samaki alijigeuza, na nadhani daktari naye alimsikia chini ya vidole vyake. Hakusema kitu. Aliandika "wasiwasi" kwenye karatasi yangu, nami nikaichukia karatasi ile njia nzima ndani ya daladala, kwa kuwa (naona aibu kulisema) nilikuwa nimetamani kupewa ugonjwa wenye jina zito, ambao ningeweza kuutaja mbele ya watu bila kuulizwa wasiwasi huo ni wa nini.

Mkopo ulikwisha, kwa njia ambayo nitaisimulia siku nyingine. Samaki hakuhama. Huja baada ya kikombe cha pili cha kahawa, au bila sababu yoyote niliyoweza kuigundua, na mpaka leo siwezi kusema kama hofu ndiyo iliyokuwa ikimwamsha, au yeye ndiye aliyekuwa akiniamshia hofu.

"Unawaza nini, Mama?" binti yangu aliuliza, bado amenishika.

"Siwazi kitu."

Alinitazama, akafuta namba aliyokuwa ameandika, akaanza kuhesabu upya.