Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Mikasi ya Kupogolea, Tukuyu

Saa 12:30 asubuhi

Nafungua karakana kabla wateja hawajaanza kushuka kwenye bodaboda, kwa sababu kazi ya asubuhi inataka utulivu. Sehemu nyingi za wilaya yetu ya Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo huingia hadi ndani ya nyumba, hivyo mkasi ulioachwa na utomvu jioni huamka na madoa ya kutu. Naanza na mikasi ya wakulima wa parachichi iliyoletwa jana. Naifungua mmoja baada ya mwingine na kuweka vipande vya kila mkasi kwenye sahani yake: bolti na nati ya katikati, bapa linalokata, bapa la chini lenye umbo la ndoano, springi, na kitasa kidogo kinachofunga mipini. Sijali kuonekana mwenye makuu kwa ajili ya sahani hizo, kwa kuwa springi mbili zinazofanana machoni zinaweza kutofautiana ugumu kiasi cha kumchosha mtu anayepogoa kutwa nzima.

Utomvu mkavu nautoa kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha nakausha na kunoa. Bapa la mkasi wa aina hii, ambao mabapa yake hupishana, hunolewa upande mmoja tu, ule wenye mteremko, kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Upande wa pili hupitishwa juu ya jiwe ukiwa umelala kabisa, kwa wepesi, ili kuondoa kinyuzi cha chuma kilichobaki ukingoni. Anayenoa pande zote mbili hufungua mwanya kati ya mabapa, na tangu hapo mkasi hutafuna tawi badala ya kulikata. Gome lililotafunwa huchelewa kufunga jeraha, na ugonjwa wa mti hupata mlango.

Saa 3:00 asubuhi

Mteja wa kwanza ni mama mmoja mtu mzima kutoka Mwakaleli, ameshika mkasi uliovunjika mpini karibu na bolti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimetoka dukani nilikoununua, wanasema nimeutumia vibaya, dhamana haipo. Mimi nimekatia vitawi vya parachichi tu.”

Nilimwomba akae, nikasafisha sehemu iliyovunjika kwa brashi ya meno na kuimulika kwa tochi ya simu. Chuma kilichovunjika kina mambo ya kueleza kwa anayekitazama bila haraka. Katikati ya alumini palikuwa na kishimo cha mviringo chenye kuta laini zinazong'aa, ukubwa wa punje ya ulezi, na vingine vidogo zaidi pembeni yake. Hayo ni mapovu ya hewa yaliyonaswa wakati chuma kikimiminwa kwenye kalibu. Mkono wa mkulima hauwezi kuyatia humo, wala matumizi mabaya hayawezi. Mkasi ulioonewa hujulikana kwa dalili nyingine: bapa lililopinda kando kwa sababu mtu aliuzungusha ndani ya tawi nene, au pengo dogo la nusu mviringo kwenye makali, alama ya waya. Mkasi wa mama haukuwa na hata dalili moja kati ya hizo. Makali yake yalikuwa mazima na bolti ilikuwa na mafuta.

Nikamwambia, “Mama, kosa hili si lako. Limetoka kiwandani.” Alinyamaza kidogo, kisha akafungua fundo la khanga na kutoa risiti.

Risiti za EFD, mashine za kodi za madukani, huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na joto hilohilo, pamoja na jua na mafuta ya mikono, huyafuta maandishi yake taratibu. Dhamana ya miaka miwili inaweza kufika mwisho ikiwa na karatasi nyeupe tupu. Ya mama ilikuwa imefifia upande wa chini, lakini jina la duka na tarehe vilisomeka, na tarehe ilikuwa ndani ya muda wa dhamana. Niliipiga picha palepale kabla ya jambo lingine lolote. Kila anayenunua kifaa mbele yangu namsisitizia jambo hili hadi wengine huona namsumbua: piga picha risiti siku hiyohiyo, au itoe nakala.

Saa 4:30 asubuhi

Kijana mmoja anayepogoa mashamba ya watu kwa malipo ya mti mmoja mmoja anauliza kwa nini anunue mkasi wa bei kubwa wakati wa bei ndogo nao unakata. Swali lake ni la haki, na simjibu kwa kutaja bei. Nampa mikasi miwili na bisibisi. Mmoja umepigwa ribiti katikati, na mwingine una bolti. Ule wa ribiti haufunguki, hivyo springi yake ikikatika au bapa likiisha, mkasi wote umekwisha. Kiwanda cha Felco cha Uswisi kilianzishwa mwaka 1945, na mkasi wake wenye mipini myekundu umeigwa sana duniani. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba kila kipande chake hununuliwa peke yake. Mwigo huiga rangi na umbo, lakini aliyeutengeneza hauzi bapa la akiba.

Namweleza pia jambo ambalo wauzaji wengi hulipitia haraka. Dhamana ya maisha inayotolewa na viwanda vya namna hii hushughulikia kasoro ya utengenezaji na ya malighafi. Makali kuisha na springi kuchoka ni gharama ya mwenye mkasi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dhamana ni ya miaka mingapi, ningependa mnunuzi aulize bapa na springi vinapatikana wapi, Mwanjelwa pale Mbeya mjini au Dar es Salaam, na kwa bei gani. Kijana amesema atafikiri. Ndivyo inavyofaa, kwa kuwa fedha ni yake.

Saa 6:00 mchana

Nampigia simu msambazaji wa ule mkasi wa mama, aliyeko Dar es Salaam. Dada anayepokea ni mstaarabu, lakini ana orodha yake: picha za sehemu iliyovunjika, picha ya mkasi mzima, risiti, na maelezo ya matumizi. Nauli ya kifurushi ni juu ya mteja. Hapo ndipo dhamana nyingi hufia huku kwetu nyanda za juu. Kampuni haijakataa kulipa, ila mkulima akijumlisha nauli ya kushuka mjini, gharama ya kutuma na siku za kusubiri, anaona heri anunue mkasi mwingine wa ribiti. Namkumbusha dada yule kwa upole kwamba zaidi ya dhamana iliyoandikwa kwenye boksi ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Anasema nitume tu, wataangalia.

Chakula cha mchana ni ndizi na maharage, nikiwa nimesimama.

Saa 8:00 mchana

Fundi cherehani kutoka sokoni ameleta mkasi wake mkubwa wa kitambaa ambao, kwa maneno yake, “umekufa baada ya kunolewa.” Ncha yake ina rangi ya buluu. Aliyeunoa aliukandamiza kwenye jiwe la umeme bila maji, chuma kikapata joto la karibu nyuzi 300, ugumu wake ukalegea. Sehemu ile haitashika makali tena, na njia pekee ni kuiondoa polepole kwa jiwe la mkono na maji mpaka kufikia chuma kizima, jambo linaloupunguza mkasi urefu. Nilimweleza hayo kabla ya kugusa kitu, akakubali.

Mkasi wa kitambaa unataka adabu zaidi kuliko wa shambani. Ukiufunga na kuuinua kuelekea dirishani, utaona mwanga mwembamba katikati ya mabapa, kwa kuwa yamepindwa kidogo kwa makusudi ili yaguse mahali pamoja tu, panaposogea kutoka shina hadi ncha kadiri unavyokata. Anayeupigapiga kwa nyundo ili “ukae sawa” anaondoa kitu kilichotiwa na fundi wa kiwandani. Nilipomaliza niliujaribu kwenye kipande cha kitambaa chepesi kilicholowa, kwa ncha pekee. Ulikata bila kuvuta uzi.

Saa 10:00 jioni

Napanda hadi kikundi cha wakulima wa parachichi upande wa Katumba. Mazungumzo yetu ni juu ya kusafisha mikasi kati ya mti na mti ili kutohamisha magonjwa. Wengi hutumbukiza mikasi kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, nayo huua vimelea kweli, lakini hula chuma kwa kasi. Anayeitumia asuuze mkasi kwa maji safi mwisho wa kazi, aukaushe, kisha aupake mafuta mepesi. Spiriti ya asilimia 70 haina ukali huo kwa chuma, ila ni ghali na huwaka moto. Nimewaomba pia wasilazimishe tawi lenye kipenyo cha zaidi ya milimita 25 kwenye mkasi wa mkono mmoja. Tawi hilo ni la msumeno. Mzee mmoja aliuliza kama kuusukasuka mkasi ndani ya tawi nene kunaondoa dhamana. Nikamjibu kwamba ndiyo, na kwamba fundi yeyote ataiona alama yake.

“Ndaga fijo,” akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaandika.

Saa 12:30 jioni

Nafunga kifurushi cha mama kitakachoondoka na basi la asubuhi. Ndani nimeweka mkasi, nakala ya risiti, picha ya kishimo kilichomo kwenye mpini ikiwa na rula pembeni ili ukubwa uonekane, na barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba mpini mpya, au mkasi mzima endapo mpini hauuzwi peke yake. Nimeomba pia kwamba wakikataa, waandike sababu na kuweka saini, kwa kuwa mama atahitaji karatasi hiyo iwapo ataamua kulifikisha suala hili Tume ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya walaji. Mkasi wa kuazima nimempa leo mchana, maana kupogoa kwake hakuwezi kusubiri majibu.