Nilivyokokotoa kikomo cha vumbi la prednisoloni kwenye chumba cha kuchanganyia dawa

Salfa ya kwenye mikorosho imewazoesha watu wa Mtwara kuamini kwamba vumbi baya ni lile linalowasha macho. Vumbi la prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, haliwashi wala halinuki. Anayesaga vidonge ili atengeneze dawa ya maji ya watoto hulivuta asijue, ndiyo maana nilitaka namba: kikomo cha vumbi hilo hewani ambacho mfanyakazi asikivuke.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, lakini orodha za vikomo vya hewa kazini zimejaa klorini, amonia na vumbi la mbao. Dawa nyingi hazimo. Inabidi ukokotoe.

Nilianzia kwenye kipimo kidogo ambacho bado kinamtibu mtu mzima, nikachukua miligramu 5 kwa siku. Kwa mgonjwa ni tiba, kwa mfanyakazi asiye mgonjwa ni madhara. Nikagawa kwa 3 ili nishuke hadi kiwango kisicho na athari, kisha kwa 10 kwa kuwa miili haifanani. Ikabaki mikrogramu 167 kwa siku. Katika zamu ya saa 8 mtu huhesabiwa kuvuta mita za ujazo 10 za hewa, kwa hiyo kikomo ni mikrogramu 16.7 kwa kila mita ya ujazo. Niliandika 15, desimali hapa hujifanya kuwa na uhakika ambao hesabu yenyewe haina. Kwa zamu ya saa 12 nakipunguza nusu: anavuta kwa muda mrefu zaidi, na mwili unabakiwa na saa chache za kujisafisha.

Hesabu ni rahisi, ugumu uko kwenye kuchagua pa kuanzia. Gentamisini, antibiotiki ya sindano, ikimezwa karibu haifyonzwi kabisa, hivyo ukianza na kipimo cha kumeza utapata kikomo kikubwa cha uongo. Anza na cha sindano. Penisilini ni balaa jingine. Mwenye mzio nayo anaweza kudhurika kwa kiasi kidogo mno kuliko kipimo cha tiba, na fomula hii haimlindi. Hiyo naitengea chumba na vyombo vyake, na mwenye mzio haingii.

Kupima kulihitaji pampu ndogo ya kiunoni inayovuta lita 2 kwa dakika, na kichujio kinachobanwa kwenye kola, si zaidi ya sentimita 30 kutoka puani. Kwa saa 8 zinapita lita 960. Hewa ikiwa kwenye kikomo kabisa, kichujio kitashika mikrogramu 14 hivi, kiasi ambacho mizani ya kawaida haikioni, achilia mbali unyevu wetu wa pwani unaoingia kwenye kishikio cha plastiki cha kichujio na kukiongezea uzito kuliko vumbi lenyewe. Kinachofaa ni maabara yenye kromatografia, mbinu ya kutenganisha kemikali na kupima kila moja peke yake. Ukipima zile dakika 20 za kusaga tu, unapata lita 40, yaani mikrogramu 0.6. Iulize maabara kwanza kama inaweza kusoma kiasi hicho, na upeleke pia kichujio ambacho hakikuvuta hewa ili walinganishe.

Kilichopunguza vumbi zaidi ni maji. Vidonge vinalowekwa kwenye kinu kwa maji kidogo mpaka vilainike, ndipo mchi unaanza. Pangaboi linazimwa wakati wa kusaga, joto livumiliwe, na meza inapanguswa kwa kitambaa kibichi; ufagio marufuku. Barakoa ya upasuaji haizibi pembeni, kwa hiyo haihesabiwi. N95, barakoa inayobana uso na kuchuja vumbi laini, inahesabiwa kwa aliyenyoa ndevu tu, na hata yeye anaivaa baada ya hayo mengine yote kufanyika.