Jikoni kwangu Manyatta, na ile sinki ya Kibuye

Sawa, sasa hata mgeni anaweza kuingia jikoni kwangu. Miaka minne ukuta wa nyuma ya meko ulikuwa mweusi tii, ukikaanga samaki mafuta yanaruka hadi kwa swichi, na kaunta ilikuwa ubao uliovimba kwa maji. Fundi alinipigia hesabu, akataja bei, nikamwambia wacha nifikirie kwanza. Sikumpigia tena, nikaanza kazi mwenyewe.

Jumapili nikadamkia soko la Kibuye hapa Kisumu, maana siku hiyo ndio hujaa kabisa, nikapata sinki ya stili ya mitumba, imebonyea kidogo kwa kona lakini haivuji, tukavutana bei na yule mama hadi akachoka akasema, "Haya mwanangu, chukua uniondokee." Taili nazo nilinunua mabaki, yale maboksi ya mwisho mwisho dukani, ndio maana ukiangalia vizuri safu mbili za chini si nyeupe kama za juu. Mzee wa nyumba bado hajagundua, msimwambie.

Makabati sikung'oa. Niliosha mafuta yote na sabuni, nikapiga msasa mpaka ule mng'ao ukaisha, na hapo usikimbize kazi kwa sababu rangi ikikaa juu ya mafuta itabanduka tu, halafu andakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, halafu glosi, ile rangi ya kung'aa, mara mbili, maana glosi inapanguswa.

Kosa langu ni kuweka taili kabla fundi wa mabomba hajafika. Ikabidi atoboe mbili mpya kabisa, moja ikapasuka katikati. Nimeificha na mtungi wa mafuta ya kupikia.