Bibi wa ngumbaro kwenye kikao cha wazazi

Juzi kwenye grupu la wazazi la darasa la mwanangu mwalimu katuma faili, kurasa kibao, ratiba ya siku, vifaa, mambo ya kuzingatia, watakachosoma mpaka Juni, kila kitu kimepangwa na kaua kamechorwa pembeni. Kimya. Watu wameona, hakuna anayejibu, halafu usiku baba mmoja akaachia voisi: "Mwalimu samahani, mimi swali langu dogo tu, hivi kwa nini nikimwonyesha mtoto herufi ya pili hasemi ba, anasema b, b, b, kama anawasha bodaboda ya mafuta machafu?"

Nilicheka peke yangu mpaka mzee akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Hilo swali mimi nishaulizwa, nikiwa nimesimama mbele za watu, na lilinipeleka mahali ambapo sikuwa nimepangilia kwenda.

Mbagala, mwaka 2016, nafundisha darasa la kwanza, shule jina siweki. Januari ile ndiyo elimu bila malipo imeanza, na watoto walikuja jamani, walikuja na mama zao, na shangazi zao, wengine wamekuja na kaka wa miaka tisa naye hajawahi kuanza, wakaandikishwa wote siku moja. Nchi nzima darasa la kwanza lilifurika mwaka ule, na mimi nilihisi nusu yao wako kwangu. Mkondo A asubuhi, mkondo B mchana, darasa moja, mwalimu mmoja, madawati machache, waliobaki wanakaa chini kwenye gunia. Na mtaala nao ulikuwa mpya bado, ule wa KKK wa 2015, kusoma, kuandika, kuhesabu, asilimia 80 ya muda wote inakwenda huko, mambo mengine yanabanwa pembeni. Nilikuwa nimetoka semina. Nina moto wa semina, mnaujua ule, mtu anarudi na begi la kitambaa na makabrasha anadhani ataibadilisha dunia kabla ya likizo ya Aprili.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akasema Jumamosi kikao cha wazazi wa la kwanza, wewe utawaeleza darasa likoje, wanasoma nini, sisi tunategemea nini kwao, dakika ishirini, na tafadhali mwalimu, usiguse neno mchango.

Basi bwana. Kikao saa tatu, tumeanza saa nne na kitu, ambayo kwa huko ni kuwahi. Wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto magoti yamefika kifuani, waliokosa nafasi wamesimama nje wanachungulia madirishani, watoto wachanga mgongoni, mama mmoja kaja na beseni lake la vitumbua kaliweka chini ya dawati na harufu ikawa inatupiga wote. Nyuma karibu na mlango kakaa mratibu elimu kata na daftari lake, hakuna aliyetuambia anakuja.

Hotuba za mwanzo nazirusha. Mkuu alijitahidi kueleza kwamba ada ya msingi ilishafutwa zamani enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, safari hii kilichofutwa ni michango ya lazima, ila sare, madaftari, penseli na chakula cha mtoto ni juu ya mzazi, na hapo darasa likachemka. "Si mmesema bure!" "Bure gani na uji natoa mimi!" Mkuu kitambaa mkononi anafuta jasho, maana mwaka ule mwalimu mkuu kukutwa na neno mchango mdomoni ilikuwa kesi. Mwenyekiti wa kamati akaona hapa pabaya, akasema sasa tumkaribishe mwalimu wa darasa.

Nikabandika manila yangu ukutani. Nilikuwa nimeiandika usiku kwa tochi ya simu umeme umekatika, kwa hiyo mistari inapanda mlima. Mtoto afike saa moja na nusu, mkaguzi wa kucha ni mimi. Kipindi ni dakika 30, akichelewa kimoja kashapoteza herufi ya siku hiyo. Aje na penseli mbili, ya kwanza ataitafuna. Jina liandikwe nje ya daftari, sio ndani. Mkojo ukimbana aombe ruhusa, wala asiogope, nimeona watoto wengi wanajikojolea kwa adabu. Jioni mzazi akae na mtoto dakika kumi amsikilize anasoma.

Baba mmoja wa mbele akanyoosha mkono, mwalimu huyu wangu mchape tu, mimi nishakubali. Nikamwambia baba, viboko vina kanuni, mwisho vinne, na ni mkuu ndiye anaamua na vinaandikwa kitabuni, sio kila mwenye chaki anachapa. Akanyamaza ila uso wake ulisema shule gani hii. Mama wa vitumbua akauliza hizo dakika kumi azitoe wapi, yeye anaamka saa tisa usiku kukaanga, akirudi kutoka kwenye biashara zake mtoto kashalala, amwamshe? Semina ilikuwa na jibu la hilo, kwamba kaka au dada mkubwa asaidie, nikalitoa, akasema huyo ndiye mkubwa. Watu wakacheka, mimi pia, tukapita.

Ndipo likaja lile la herufi. Aliyeuliza hata simkumbuki, nakumbuka sauti tu, kutoka dirishani: mwalimu mbona hawa watoto siku hizi hamuwafundishi ba be bi bo bu, wangu ananguruma tu.

Hapo ndipo nilipopataka. Nikachukua chaki. Nikaeleza kama nilivyoelezwa, kwamba tunaanza na irabu, halafu konsonanti mojamoja kwa sauti yake, mmm sio ma, sss sio sa, halafu mtoto mwenyewe anaunganisha, m na a inakuwa ma, ma na ma inakuwa mama, kwa sababu mtoto aliyekariri silabi anaziimba kama wimbo, ukimpeleka katikati ya wimbo kapotea. Nikawafanyisha. Watu wazima darasa zima, semeni mmm. Wakasema mmm. Semeni sss. Wakasema sss na vicheko, mtoto mmoja mgongoni akaanza kulia, mratibu nyuma anaandika na namwona ametabasamu. Nikaandika ubaoni baba ana bata. Nani aje atusomee kwa sauti?

Akasimama bibi.

Alikuwa amekaa chini kwenye gunia, mguu umenyooshwa, kanga mbili za Rufiji Rufiji hivi zimepauka, hata sikuwa nimemwona. Nikasema shikamoo bibi, karibu. Akaitikia marahaba mwanangu, akaanza kufungua fundo la kanga. Hapo hakuharakishwa na mtu. Kafungua, katoa miwani, mkono wa upande mmoja haupo, pamefungwa uzi mweusi, uzi akauzungusha sikioni, akaja mbele taratibu. Hakusimama mbali na ubao kama mimi. Alisogea mpaka pua karibu iguse, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza.

"Ba. Ba." Kidole kinasogea. "A. Na." Kinasogea. "Ba. Ta."

Na kila alipopita kidole chaki ilifutika. Mpaka anafika mwisho sentensi yangu imebaki msitari mweupe wa vumbi, na ncha ya kidole chake nyeupe tupu, akaifuta kwenye kanga. Akageuka kwangu: "Nimepata?"

Umepata bibi. Watu makofi. Lakini mimi nina moto wa semina bado, nikasema bibi umesoma vizuri ila umesoma kwa silabi, na tatizo la silabi ni hili, nikageuka nikaandika neno moja kubwa: mbwa. Maana hilo ndilo tuliloonyeshwa kule, ba be bi bo bu haina mbwa ndani yake, mtoto wa wimbo akifika hapo anakwama.

Bibi akalitazama. Darasa kimya. Hakuweka hata kidole.

"Mbwa," akasema. "Huyu tulikuwa naye nyumbani."

Jamani lile darasa. Yule baba wa viboko alilala juu ya dawati. Mama wa vitumbua anapiga beseni. Mwalimu mkuu ambaye tangu asubuhi hajacheka alitoka nje kabisa tukamsikia anacheka kwenye korido, na mimi na chaki yangu mkononi sijui niandike nini, ng'ombe?

Walipotulia bibi bado amesimama pale. Akasema yeye kajifunza kusoma ngumbaro, huko Rufiji, ana watoto tayari, ule wakati Nyerere kasema watu wazima wote wasome, na mwaka wa 70 ukaitwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Jioni wakitoka shamba wanakaa chini ya mwembe, mwalimu wao kijana tu kamaliza la saba, ba be bi bo bu mpaka usingizini. Kwamba ile kampeni ya Mtu ni Afya ya redioni, ya 1973, kitabu chake yeye alikuwa anawasomea wenzake wasiojua. Alilisema hili bila kujisifu, kama mtu anayetaja alikotokea basi. Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililomsimamisha.

"Sasa mwanangu, huyu mjukuu nalala naye mimi, mama yake yuko kazini Oman. Hizo dakika kumi ninazo, ninazo hata mia. Nimfundishe ya kwangu au ya kwako? Maana nikimfundisha ya kwangu wewe kesho utamkosesha. Na ya kwako, hiyo ya kunguruma, mimi siijui, na macho yenyewe ndiyo haya."

Nikaangalia nyuma. Mratibu kalamu iko hewani, ananisikiliza. Na jibu la semina lilikuwepo, limeandikwa kabisa kwenye kabrasha, kwamba mzazi aelekezwe kutumia mbinu zilezile za darasani ili mtoto asichanganyikiwe. Jibu zuri. Na mimi ningelisema kwa mzazi mwingine yeyote mle ndani.

Nikasema, "Mfundishe ya kwako bibi. Sitamkosesha."

Akasema haya, akafungua uzi sikioni, miwani ikarudi kwenye fundo, akarudi kwenye gunia lake. Mratibu aliandika kitu, kifupi. Kikao kikaisha kama vikao vyote vinavyoisha, watu wanarudia swali la uji.

Baadaye nje mratibu akaniita pembeni, nikajua leo napewa. Akaniuliza tu yule bibi anakaa mtaa gani. Nikamwambia. Akasema hmm, akapanda pikipiki yake akaondoka, na mpaka leo sijui alikuwa anataka nini. Muhtasari wa kikao aliuandika mwalimu mwenzangu, una sentensi moja kuhusu mimi: wazazi walielimishwa mbinu mpya za ufundishaji wa KKK na wakazielewa.

Sasa mnataka kujua yule mjukuu ilikuwaje. Alisoma. Kabla ya likizo ya mwezi wa sita anasoma sentensi, miongoni mwa wa mwanzo mwanzo kwenye mkondo wake. Na nisiseme ni bibi, kwa sababu mchana kutwa alikuwa ananguruma na mimi, na nisiseme ni mimi, kwa sababu kwa idadi ile kuna watoto sikuwahi kuwasikiliza peke yao hata wiki nzima, na yeye kila jioni ana mtu mmoja mzima ameketi ubavuni kwake kidole kwenye daftari. Mtoto wa vitumbua nilimngurumisha vilevile, sauti zilezile, chati zilezile. Huyo la pili alifika bado anahangaika. Mbinu ilikuwa moja. Nikilifikiria hili naishia njiani kila mara, maana kwenye ile manila yangu nilikuwa nimeandika dakika kumi kama kitu cha saba, chini ya penseli.

Mwaka uliofuata nikapewa tena la kwanza. Wiki ya kwanza, naonyesha b, nasema b, darasa linasema b, isipokuwa kona moja karibu na dirisha, watoto sita saba hivi, wote wa mtaa mmoja, wanapaza sauti pamoja tena kwa mahadhi: baaa. Nikawauliza mmefundishwa na nani. Wakasema bibi, barazani, bure, ila ukienda lazima unawe mikono.